Siku Watazamaji Walipotuhama

Harufu ya ngozi ya ngoma inayopashwa moto, anayeijua anaijua. Si nzuri. Ni ng'ombe na moshi wa nyasi kwa pamoja, na ikishaingia kwenye nguo haitoki kwa sabuni ya kawaida. Mwezi uliopita nilichelewa misa, nikaamua kuzunguka nyuma ya kanisa ili nisipite katikati ya waumini wote kama bi harusi, nikawakuta vijana wa kwaya wameinamisha ngoma zao juu ya moto. Mmoja akaniamkia, nikaitikia marahaba bila hata kumtazama usoni. Padri alianza bila mimi. Nilikuwa nimesharudi Butimba, kule Mwanza, mtoto wa darasa la nne, nimekaa juu ya jiwe, na Mwalimu Shija ananiambia niiguse ngozi kwa kiganja nimjulishe kama iko tayari.

Wa rika langu mtaikumbuka miaka ile. Maduka yalianza kujaa vitu tulivyokuwa tunavisikia tu, sabuni za kila rangi, biskuti za kutoka ng'ambo, na pale Mkuyuni mitumba ilimwagwa chini mpaka ukakosa pa kukanyaga. Wakati huohuo viwanda vilianza kunyamaza. Baba yangu alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo. Kila mashine ilikuwa na mafundi wawili, kisha siku moja wakaambiwa mmoja anatosha. Baba alikuwa yule wa pili.

Hakulewa, wala hakumpigia mtu kelele. Aliingia ndani tu. Alishinda chumbani akivuta sigara, pazia limeshushwa, redio kwa sauti ya chini kabisa, na chooni alikwenda saa ambazo majirani wako sokoni. Mtu akibisha hodi kumuulizia, nilikuwa nimeshafundishwa jibu: Baba amesafiri, yuko Majita. Sisi ni Wajita, kwa hiyo halikuwa jambo la kushangaza mtu kwenda kwao, na kaka yangu Magesa alikuwa anaishi huko kwa bibi. Nililisema jibu hilo kwa wanaodai, kwa wanaosalimia, hata kwa katekista. Moyoni nilikuwa nimejijengea imani yangu mwenyewe, kwamba mtu akiambiwa hahitajiki huwa anawekwa ndani, na kwamba hakuna anayetoka tena.

Sasa kulikuwa na mama mmoja tuliyekuwa tunasali naye, Mama Edina, mwalimu mstaafu, mtu wa kujishughulisha hadi unamchoka. Aliomba madarasa ya shule moja ya bweni upande wa Butimba wakati wa likizo, akatangaza kambi ya ngoma za asili kwa watoto wa mjini. Alisema tunakua hatujui kitu zaidi ya kaseti. Mama yangu hakunipeleka kwa sababu ya kupenda utamaduni, tusidanganyane. Yeye alikuwa muuza dagaa sokoni mwenye mume aliyejificha, na kambi ile ilikuwa inalisha, asubuhi, mchana na jioni. Nilifungashiwa kanga ya kujifunika na sahani ya bati, nikaenda.

Walimu wa ngoma walikuwa wawili, wote Wasukuma, wote waliwahi kucheza katika kikundi cha utamaduni cha shirika moja mpaka shirika likakosa fedha na kikundi kikafa. Mwalimu Shija alikuwa mfupi, mpole, ana pengo mbele, na alipokuwa anaongea nawe aliinamisha kichwa upande mmoja. Mwalimu Lukonge alikuwa mrefu mwenye sauti ya kuvusha ng'ombe mtoni. Shija alikuwa Mgika na Lukonge Mgalu. Kwa ambaye hajakulia huku, hizo ni pande mbili za wacheza ngoma wa Usukuma, na kazi yao tangu enzi za mababu ni kushindana. Tuligawanywa siku ya kwanza, nusu kwa huyu na nusu kwa yule. Mimi nikaangukia kwa Shija.

Kilichonitisha ni jinsi walivyokuwa wanatukanana. Alfajiri tu, watu wako bombani wananawa uso, Lukonge anaanza.

"Shija, jana nilisikia mtu anapiga debe, nikasema masikini, kuna aliyeibiwa ng'ombe. Kumbe ni wewe unafundisha."

Naye Shija, maji yakimtiririka kidevuni, anamjibu bila haraka: "Na wewe ulipoanza kuimba, mpishi alitoka mbio. Alidhani mbuzi wake anazaa."

Watoto wa Kisukuma walijikunja kwa kicheko. Mimi sikucheka. Kwetu watu wakisemezana hivyo wazee wanaitwa, kikao kinakaa, na mmoja analipa jogoo. Hawa walikuwa wanasemana asubuhi, wanasemana mchana, tena kwa nyimbo, wakitufundisha na sisi tuitikie, na hakuna mzee aliyeitwa. Nikajua hapa kuna chuki ya kweli, na siku moja italeta balaa.

Lakini jamani, Shija alijua kufundisha. Wiki nzima ya kwanza hatukugusa ngoma. Alitupanga chini ya ukingo wa paa, akasema ngoma ya kwanza kila mtu anayo tayari, tukaanza kupiga mapaja na matumbo yetu mpaka yakatuwasha. Alikuwa anapita nyuma yetu bila viatu, na akisikia umepotea anakuwekea kiganja mgongoni na kupiga taratibu palepale, hasemi kitu, mpaka mwili wako ukubali. Hakuwahi kuniambia nimekosea. Hadi leo ninapomfundisha mtu kitu chochote, hata kupika wali, huwa najishika nisiseme umekosea, na hiyo nimeichukua kwake.

Zilipotolewa ngoma zenyewe, wenzangu walipewa zile ndogo, zinazobwabwaja na kusikika hadi ziwani. Mimi nilipewa ile kubwa inayoitwa mama, ambayo kazi yake ni moja tu, kurudia mapigo yaleyale tangu mwanzo hadi mwisho. Nilinuna. Shija akaja kuchuchumaa mbele yangu.

"Mjita wangu, umekasirika?"

"Hapana, mwalimu."

"Umekasirika. Sikiliza. Hawa wadogo watacheza, watarukaruka, watapotea. Wakitaka kurudi nyumbani watamfuata nani?"

"Sijui, mwalimu."

"Watakufuata wewe. Kwa hiyo usinihame hapo. Hata wakikukimbia wote, wewe usihame."

Alikuwa na kopo la mafuta meusi aliyokuwa anaipaka ngozi ya ngoma. Nilishasikia kwamba manju wakubwa, viongozi wa ngoma, wana dawa za kuvuta watu, nikaamini ndiyo ile. Siku moja nikachovya kidole na kujipaka viganjani na kwenye viwiko. Akanikuta. "Hayo ni mafuta ya ng'ombe," akasema. "Yatakuvutia inzi tu." Sikumwamini hata kidogo, kwa kuwa mwenye dawa ya kweli hawezi kukuambia ni dawa. Nilinuka hadi Jumapili.

Siku nyingine tukiwa tunapasha ngozi moto, aliniuliza baba yangu anafanya kazi gani. Jibu langu likatoka lenyewe. "Amesafiri, yuko Majita."

"Atarudi lini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Wote waliishia kwenye Majita. Machozi yakanilenga, nikasema ni moshi. Shija akasogeza ngoma mbali kidogo na moto, akaanza kunionyesha jinsi ya kukaza kamba.

Basi Mama Edina akatangaza siku ya kufunga kambi. Wazazi wangekuja, majirani wangekuja, na pande mbili zingecheza. Shija akatueleza inavyokuwa. Wagika na Wagalu hawapokezani. Wanapiga wakati mmoja, uwanja mmoja, huyu pembe hii na yule pembe ile, na hakuna mwamuzi mezani. Watazamaji wanaamua kwa miguu yao: wanaokupenda wanakuja kusimama kwako, wakikuchoka wanahamia kwa mwenzako. Mwisho anayebaki na watu ndiye mshindi.

Wenzangu walishangilia. Mimi niliona jingine. Walimu wawili, ngoma moja, na watu wanakuja kuchagua. Hilo nilishaliona nyumbani kwetu. Atakayeshindwa ataambiwa mmoja anatosha, na Shija na pengo lake atakwenda kukaa nyuma ya pazia huko kwake Igogo, na kuna mtoto atakayefundishwa kusema amesafiri. Sikumwambia yeyote pale kambini. Nilipiga ile ngoma kwa wiki nzima kama ninayefukuza mwizi, viganja vikapasuka, Shija akanifunga vitambaa na kuniuliza nina nini. Nikasema sina kitu.

Jumapili kabla ya siku yenyewe tuliruhusiwa kwenda nyumbani. Baba alikuwa amekaa kitandani, redio ameifumua, vipande viko juu ya gazeti.

"Baba, mwalimu wangu akishindwa Jumamosi watampunguza."

"Nani kasema?"

"Wako wawili, baba. Kazi ni moja."

Aliweka chini kipande alichokuwa ameshika. Kisha akaniuliza, "Anaijua kazi yake?"

"Sana."

"Hiyo haisaidii," akasema, akarudi kwenye redio yake.

Jumamosi ilipofika jua lilikuwa kali na uwanja ulijaa kuliko Mama Edina alivyotarajia. Tulianza vizuri. Wenzangu walirusha majembe ya mbao na kuyadaka, ngoma ndogo zikabwabwaja, watu wakaja upande wetu hadi tukakosa hewa. Nilikuwa nahesabu kwa macho, kwao na kwetu, na kwetu walikuwa wengi. Ndipo nilipomwona Baba. Alikuwa nyuma kabisa, ndani ya msongamano, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi. Nilikuja kujua baadaye kwamba alitembea kwa kufuata reli ili asipite Mkuyuni. Nilishangaa karibu nipotee, mkono wa Shija ukanigusa mgongoni, nikarudi.

Kisha Lukonge akaingia na koti. Alikuwa amelipata kwenye mitumba, koti la kike la manyoya, zito, refu hadi kwenye vifundo, la nchi ambazo watu hufa kwa baridi. Na pale Mwanza, jua la saa nane, akalivaa, akafunga vifungo vyote, akaanza kucheza kama mnyama ambaye hata yeye mwenyewe hajui ni mnyama gani. Alitambaa, akajikuna, akamnusa Mama Edina miguuni. Watu wakapiga yowe. Wa kwanza waliotuacha walikuwa watoto, wakafuata kina mama, wakafuata wanaume waliokuwa wanajifanya hawaoni. Ndani ya muda mfupi nyasi zilizolala kwa kukanyagwa zilibaki tupu mbele yetu.

Ikawa amebaki Baba. Kundi alilokuwa amejificha ndani yake liliondoka likamwacha wazi, peke yake, katikati ya uwanja, kila mtu anamwona. Angeweza kwenda nao. Kugeuka tu na kuwafuata, na hakuna ambaye angejua alikuwapo. Hakujua sheria ya ngoma, hakujua kwamba kusimama pale ni kupiga kura. Alisimama. Baada ya muda akavua kofia, maana jasho lilikuwa linamwingia machoni, akaendelea kutazama.

"Usihame," Shija aliniambia kwa sauti ya chini. "Maadamu kuna mtu, tunampigia." Tukampigia. Wimbo mzima, na wa pili, na wa kuaga, kwa mtu mmoja, nami nalia waziwazi huku viganja vinakwenda. Miaka mingi baadaye nilimuuliza Baba kwa nini hakuondoka. Akasema, "Ulikuwa bado unapiga, ningeondokaje?"

Tulipomaliza, Shija akaniinamia. "Yule ni nani?"

"Baba yangu."

"Wa Majita?"

"Ndiyo, mwalimu."

Alijifuta uso, akatuita wote, akatuongoza kuvuka uwanja hadi kwa Lukonge, na pale mbele ya umati wote akamwimbia wimbo wa kumsifu, kwamba leo umetupiga na tumekubali. Ndiyo desturi yao, aliyeshindwa anavuka mwenyewe. Lukonge akavua lile koti, limelowa chapachapa, akamvika Shija. Likamburuzika chini. Watu wakacheka upya, na Shija naye akacheka, pengo lote nje.

Kisha likaletwa sinia la ugali na sato, na wale wawili wakaketi na kuanza kula kwenye sahani moja. Shija akamwita Baba. "Karibu, mgeni wetu wa pekee." Baba akakaa, akajitambulisha kwa sauti ya mtu aliyekaa siku nyingi bila kuongea, kwamba yeye ni Baba Magesa wa Mkuyuni. Mimi nilikuwa bado sijatulia. Nikaenda moja kwa moja kwa Lukonge, nikapiga magoti.

"Mwalimu, tafadhali usikubali Mwalimu Shija afukuzwe."

Tonge lilisimama hewani. "Afukuzwe na nani?"

"Si ameshindwa? Na nyinyi si mnachukiana?"

Lukonge alimtazama Shija, kisha mimi, na alipoelewa hakucheka kama nilivyotegemea. "Mwanangu, huyu ameoa dada yangu. Nisipomtukana atadhani ninaumwa. Na mwaka jana kule Magu alinipiga mimi, nikabaki sina hata mbwa wa kunitazama."

"Ukafanyaje?"

"Nilimwimbia, nikala, nikaenda kulala. Mama Edina kashatuambia wote wawili turudi likizo ijayo. Inuka, kula samaki."

Nilikula. Sijui kama nimewahi kula samaki mtamu kama yule. Baba alikuwa ameacha kula. Akamgeukia Shija, akamuuliza taratibu, kama fundi anayemuuliza fundi mwenzake: "Sasa ukishashindwa hivi, mbele ya watu wote, kesho unapita wapi?"

Shija alionekana kutolielewa swali. "Barabarani, Baba Magesa," akasema. "Kuna pengine pa kupita?"

Walimu wale wameshatangulia mbele ya haki, Lukonge akianza na Shija akimfuata, na mpaka wanaondoka wala hawakujua walichotufanyia nyumbani kwetu. Walidhani wamenifundisha ngoma. Walinifundisha, na ninaishukuru ngoma, imenifuta machozi mara nyingi. Lakini nikisali nikawataja kwa majina, nawataja kwa ajili ya safari ya jioni ile.

Ngoma zilitakiwa kurudi Igogo kwa Shija. Yeye akabeba mbili ndogo, akaitazama ile mama, kisha akamtazama Baba. "Nisaidie huyu," akasema. Baba akaitupia begani. Tulipofika pale njia inapogawanyika, Baba aligeukia upande wa reli, alikotokea. Shija, mbele yetu, alishika barabara kubwa ya kupita Mkuyuni, akiendelea kuongea kuhusu ngozi na kamba, bila kugeuka. Baba akasimama. Nilishika shati lake kwa nyuma. Kisha akamfuata Shija.

Jioni ya Jumamosi Mkuyuni kila mtu yuko nje. Wa kwanza kutuona alikuwa Mzee Hamisi, fundi baiskeli, mwenye kibanda cha sigara na njiti za kiberiti, aliyemjua Baba tangu alipohamia mjini. Pembeni yake walikuwa wauza dagaa wenzake Mama. Wote wakageuka kututazama.

"Shikamoo, Mzee Hamisi," Baba akasema.

"Marahaba, Baba Magesa. Umerudi lini kutoka Majita?"

Nilifungua mdomo nimsaidie. Baba akaweka mkono wake kichwani kwangu.

"Sikwenda Majita, mzee wangu. Niliachishwa kazi. Nilikuwa ndani."

Mzee Hamisi alijifuta grisi mikononi, kidole kimoja baada ya kingine. "Najua, mwanangu," akasema. "Sigara zako mkeo alikuwa anakuja kuzichukua hapa kwangu, kila jioni."

Aliyeanza kucheka ni Shija. Halafu wale kina mama, kwanza kwa kujificha kwenye kanga, kisha bila kujificha. Halafu Baba, ngoma ikitingishika begani, akicheka na kulia kwa pamoja, mbele ya watu wote aliowakimbia. Mzee Hamisi akavuta benchi kutoka kivulini, akalipangusa vumbi kwa kiganja.

"Kaa basi," akasema. "Tulikuwa tunakusubiri urudi."

Baba akaitua ngoma, akakaa.